Gari Lililosikia Baridi Kisumu

Mwalimu nilimwona mgongo kwanza, sura baadaye. Alikuwa ameinama kwenye lango la hospitali ninayofanyia kazi hapa Kisumu, bega amelikita kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, shati limeloa jasho, akisukuma kigari chekundu ambacho hakikutaka kwenda popote. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu ya asubuhi. Nilikuwa na njaa, miguu inaniuma, na kigari chenyewe kilikuwa kimeziba njia ya ambulensi. Mimi sina subira na kitu kinachoziba njia ya ambulensi.

"Sista, nisaidie kusukuma kidogo tu," akasema bila kugeuka. Sijui alijuaje kwamba mimi ni muuguzi. Labda aliona viatu.

"Sisukumi," nikamwambia. "Imeanza lini?"

Hapo ndipo alipogeuka. Nadhani alitarajia matusi akapata swali, na ni swali ninalomuuliza kila mgonjwa anayeingia wodini. Nikaendelea. Asubuhi au jioni? Baada ya kupumzika au baada ya kazi? Kinakohoa? Moshi ni wa rangi gani? Akajibu yote kwa mpangilio, kama mtu aliyesubiri miaka mingi mtu amuulize. Tulipofika kwenye moshi, ambao ulikuwa mweusi na wenye harufu ya petroli, nilikuwa nimesahau njaa. Walinzi wawili wa lango wakalisukuma gari, likakohoa mara tatu likawaka, na yeye akaondoka akipunga mkono dirishani. Kesho yake alikuwa pale pale, saa ile ile, akasema gari limekataa tena. Miezi kadhaa baadaye alikiri kwamba siku hiyo hakuwa hata amejaribu kuliwasha.

Niseme kidogo kuhusu gari. Lilikuwa la michezo, la milango miwili, limetengenezwa Japani wakati mimi bado niko shule ya msingi, na lilikuwa limepita mikononi mwa watu wanne kabla yake. Taa za mbele zilijificha ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe zinainuka, ya kulia kwanza, ya kushoto inafuata kwa uvivu. Wanaume wazima walikuwa wanamsimamisha barabarani mtaa wa Manyatta wakimwomba azifungue na kuzifunga tena. Anafundisha hesabu sekondari. Angeweza kununua kitu cha maana, akanunua hiki.

Halikuwa na kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Hilo alinieleza siku ya tatu, akichora kwenye karatasi ya kufutia mikono hotelini huku samaki wetu wakipoa. Chini ya dashibodi kuna kompyuta ndogo, ukubwa wa daftari. Inauliza hewa inayoingia ni kiasi gani, inauliza maji ya injini yana joto gani, kisha inaamua kila nozeli inyunyize petroli kiasi gani. "Inafikiri," akasema, macho yanang'aa. Nikamwambia kwa jinsi nilivyoliona langoni, linafikiri kupita kiasi.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na nilipenda kama msichana wa kidato cha tatu. Sioni haya kusema. Nilikuwa napima presha za watu huku natabasamu peke yangu, mpaka wagonjwa wakawa wananiuliza kama matokeo yao ni mazuri hivyo. Tulienda ufukweni Dunga kula samaki, tukasukumwa kutoka Dunga na akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani. Tulienda kanisani, tukasukumwa na wazee wa kanisa wakiwa na tai. Waendesha boda boda wa Manyatta walikuwa wanaijua sauti ya stata yetu, ile ya kukoroma bila kushika, na kabla mwalimu hajashuka walikuwa wameshapanga foleni nyuma ya gari.

Miezi minane ikapita hivyo, halafu akasema anataka kwenda kumwona mama yangu.

Mama anaishi karibu na Pap Onditi. Kwetu, mwanamume anayetaka kuoa huanza kwa mama. Anakuja na watu wachache wa upande wake, anakula, anazungumza kwa adabu, na anaondoka jua likiwa bado liko juu. Haruhusiwi kulala huko. Na kati ya mkwe na mama mkwe kuna heshima isiyo na mchezo. Hawataniani, hawazoeani, kila mmoja anamchunga mwenzake kwa mbali. Sasa piga picha gari likatae kuwaka kwenye boma la mama. Ama mkwe alale ukweni siku ya kwanza, ama mama mkwe na shangazi zangu wafunge leso viunoni walisukume gari la mkwe mpaka barabarani. Nilimpigia mjomba simu kumuuliza lipi lina afadhali. Alisema hajawahi kusikia jambo la namna hiyo, kisha akacheka mpaka simu ikakatika.

Na mama si mtu wa kubahatisha naye. Miaka kumi na tisa iliyopita alimkubali mume wangu wa kwanza kwa alasiri moja. Yule alikuja na magari matatu yanayometa na maneno matamu, na mama akasema ndiyo kabla sahani hazijatolewa. Baada ya miaka miwili nilirudi nyumbani na begi moja. Mama hakunilaumu hata siku moja. Alijilaumu yeye, na hilo liliniuma kuliko talaka yenyewe. Aliniambia wazi kwamba safari hii hatasema ndiyo kwa kuambiwa. Mimi nami nilikuwa nimeapa kwamba bila ndiyo yake sitaolewa tena na mtu yeyote, hata nimpende vipi. Na huyu nilimpenda.

Nikamwambia mwalimu aazime gari la mtu. Akakataa.

"Nikilificha gari," akasema, "mama atataka kujua nimeficha nini kingine."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Tulikuwa na wiki sita.

Tukaanza na mafundi. Wa kwanza alikuwa yule aliyelihudumia gari tangu mwalimu alinunue, mzee mmoja mtulivu mwenye ovaroli iliyokuwa ya buluu zamani. Akasema ni betri. Betri mpya ikafungwa, na stata ikawa inakoroma kwa nguvu zaidi, basi. Wa pili akasema ni pampu. Gari likilala, petroli inarudi kwenye tangi. Akabadilisha pampu. Hakuna kitu. Wa tatu akafungua plagi, zikatoka nne nyeusi tititi, zimejaa masizi. Akazisugua kwa brashi ya waya na gari likawaka hapo hapo. Siku mbili tulikuwa watu wenye furaha kuliko wote Kisumu. Siku ya tatu tukasukumwa.

Mafundi wote watatu walikubaliana jambo moja tu, kwamba injini yenyewe ni nzuri ajabu kwa sababu haipati joto.

"Ona hiyo sindano, Mwalimu," fundi wa kwanza alisema, akigonga kioo cha kipimo cha joto kwa kucha. "Imelala tu hapo chini. Panda na hii gari mpaka Kericho, haiwezi songa. Hii ndio injini, omera, ndugu yangu."

Mwalimu alitabasamu kwa fahari kila aliposikia hivyo. Na mimi pia, niseme ukweli. Nilikaa mbele ya sindano ile miezi minane, nikaisifu.

Nikachoka na kubahatisha. Wodini, mgonjwa ambaye hatujajua anaumwa nini tunamwekea chati, tunaandika kila kitu, hata kile kinachoonekana cha kijinga. Nikachukua daftari nikapiga mistari. Tarehe. Saa. Gari limepumzika kwa muda gani. Limetoka wapi. Limejaribiwa mara ngapi. Moshi. Mwalimu alipoona daftari lile akasema kwamba hajawahi kuona mwanamke mzuri kama mimi. Palepale akataka kutafuta wastani. Nikamnyang'anya kalamu. Tuligombana Jumanne nzima kuhusu kama "kukohoa kidogo" ni jaribio au si jaribio.

Chati ikajaa na sikuelewa kitu. Asubuhi, linakataa. Likitoka safari ndefu ya barabara kuu, linakataa. Mara chache linakubali, bila sababu ninayoiona. Wiki ya nne ikaanza.

Jumapili hiyo tulikuwa tunapita Manyatta, na barabara ikawa imejaa maandamano ya kanisa. Kanzu nyeupe, ngoma, bendera, watu wanaimba kwa kurudi hatua mbili kila wakienda tatu. Hatukuweza kupita. Mwalimu hakuthubutu kuzima injini, kwa hiyo tukakaa pale nyuma ya kwaya, injini inanguruma, nusu saa nzima. Mwishowe mama mmoja mwenye filimbi shingoni akatoka kwenye mstari akaja dirishani.

"Baba, zima hiyo kitu," akamwambia. "Moshi inaingia kwa waimbaji."

Mwalimu akanitazama kama mtu anayepelekwa chumba cha upasuaji. Akazima. Tukashuka, tukasimama kando ya gari kwa adabu mpaka mstari wote ukapita, na tayari vijana wawili wa boda boda walikuwa wameegesha pikipiki wanakunja mikono ya mashati. Akaingia, akagusa ufunguo.

Likawaka. Namaanisha liliwaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo. Wale vijana wakabaki wameduwaa. Mwalimu akageuka kunitazama, na mimi nikaanza kutafuta kwa macho kilichobadilika, maana hatukuwa tumefanya chochote isipokuwa kukaa. Nikaiona sindano. Ilikuwa imesimama katikati ya kipimo. Sikuwahi kuiona pale hata siku moja.

"Imechemka," mwalimu akasema kwa hofu, akitaka kuzima tena.

"Usiguse," nikamwambia. Akiletwa wodini mtoto mchanga mwenye joto la chini, hatumsifu. Tunakimbia. Tunamfunika, tunamweka kifuani kwa mama yake, tunapima tena na tena. Miezi minane nilikuwa nimekaa mbele ya mgonjwa mwenye joto la chini, mimi mwenye miaka ishirini kazini, nikampongeza.

Jumatatu tuliliacha lingurume nyumbani mpaka sindano ikafika katikati, tukazima, tukawasha. Mara tano, na mara zote tano likawaka. Jumanne tukalipeleka mbio hadi Ahero, upepo unapiga mbele, sindano imelala chini kabisa, tukasimama penye wauza mchele na kuzima. Majaribio kumi na moja, moshi mweusi, hakuna kitu. Wauza mchele wakatusukuma. Nilikuwa naandika chatini huku nimekunja tumbo kwa kicheko, na mama mmoja akamuuliza mwalimu kwa upole kama mke wake ni mzima.

"Linasikia baridi," nikamwambia mwalimu tulipoanza kwenda. "Hapa Kisumu. Mimi nimebadilisha gauni mara mbili leo kwa jasho, na gari lako linasikia baridi."

Tukarudi kwa fundi wa kwanza. Nikamuuliza kama kuna kifaa chochote ndani ya injini kinachozuia maji yasipoe haraka.

"Thamostati?" akasema. "Hiyo nilitoa."

"Lini, Mzee?"

"Siku ya kwanza tu alileta gari. Mimi hutoa zote. Hiyo imewekwa juu ya baridi ya huko Ulaya, Sista. Huku kwetu ni ya nini? Itakwama, injini ichemke, Mwalimu anilaumu."

Akaingia kibandani akatoka na debe la mafuta ya kupikia, zito. Lilikuwa limejaa thamostati, za shaba, za chuma, kubwa na ndogo, nusu ya magari ya mji huu. Hakuwa na aibu hata kidogo. Alituonyesha kama mtu anayeonyesha mavuno. Mwalimu aliketi juu ya tairi, akafumba macho, na nilimwona akilipanga jambo lote kichwani. Kisha akamweleza fundi taratibu, bila kumshushia heshima. Bila kile kifaa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na hayashiki joto. Kompyuta inauliza maji, maji yanajibu ni baridi. Kompyuta inaamini gari ndiyo kwanza limeamka, inaongeza petroli, tena na tena, mchana kutwa, plagi zinalowa na kujaa masizi. Ukija kuwasha, cheche haina nafasi. Magari ya kabureta yalikuwa yanavumilia. Hili lilikuwa linaamini kila lilichoambiwa.

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli. Akachukua plagi moja nyeusi, akaigeuza kwenye mwanga.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. Halafu akaliinamisha debe, akaanza kuchambua.

Alipata tatu za saizi ile, na hakuna aliyejua ipi ya mwalimu wala ipi bado ina uhai. Nikazibeba nyumbani. Niliweka sufuria ya maji kwenye gesi, na mwalimu, kwa mkono ule ule anaochorea pembetatu ubaoni, akaitumbukiza ya kwanza kwa uzi. Maji yakachemka, yakafoka, haikufunguka. Ya pili ilikuwa wazi hata kabla ya kuingia majini. Tukaweka maji mapya. Ya tatu ikakaa kimya. Vipovu vikaanza pembeni, ikakaa kimya. Nilikuwa nimeshika mkono wake, sijui tangu saa ngapi. Kisha kile kifuniko kidogo cha shaba kikaanza kujitenga, polepole, unywele mmoja, miwili, mpaka kikafunguka chote. Tukaitoa, ikajifunga. Tukairudisha, ikafunguka. Mwalimu akanikumbatia uzi ungali mkononi, maji ya moto yakamwagika sakafuni, tukawa tunarukaruka kwa sababu ya maji na kwa sababu nyingine. Jirani akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia kimefunguka. Akatutazama sisi wawili, akaondoka akitikisa kichwa.

Fundi aliifunga siku iliyofuata, akasafisha na plagi, na hakutaka tumshukuru. Sindano ikapanda hadi katikati, ikatulia pale. Asubuhi ya kwanza gari likawaka kwa jaribio moja. Ya pili, moja. Kufikia siku ya ukweni nilikuwa nimeandika asubuhi kumi na moja, zote moja. Mwalimu akasema kwa hesabu, kumi na moja ni kidogo. Nikamwambia anyamaze.

Mimi nilitangulia kwa mama siku moja kabla. Jumapili alasiri tukalisikia likija kutoka upande wa Katito, na likaingia bomani jekundu, limeoshwa, taa zimeinuka ya kulia kwanza. Kaka wa mwalimu na mwalimu mwenzake wakajikunjua kutoka ndani, magoti yamekufa ganzi. Mwalimu alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa, hakuzidisha neno. Mama alikaa kwenye kona yake na hakumsemesha hata mara moja. Alipotaka kujua jambo aliniambia mimi. "Mwulize kama wazazi wake wako hai." Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimwuliza, akajibu, nikampelekea mama jibu ambalo alikuwa ameshalisikia.

Jua likaanza kushuka. Tukatoka nje, na nikaona kwamba habari za gari zilikuwa zimefika kabla ya gari. Wajomba walikuwa wameshavua makoti. Shangazi watatu walikuwa wamefunga leso viunoni, na binamu yangu mmoja amevua viatu kabisa, amechimba vidole ardhini tayari. Mama akasimama mlangoni, mikono imekunjwa. Kaka wa mwalimu na yule mwenzake wakajipenyeza ndani. Mwalimu akaingia.

Likawaka. Nusu ya ukoo wangu ikasikitika waziwazi.

"Mwambie azime," mama akasema.

Nikamwambia. Mwalimu akazima.

"Mwambie awashe."

Likawaka. Akamwambia azime tena, awashe tena, kupitia kwangu kila mara, na kila mara likawaka. Mama anauza maharagwe na mtama; hajawahi kununua gunia bila kutia mkono mpaka chini. Baada ya mara ya nne akaninong'oneza, ingawa kila mtu alisikia.

"Mwambie hata yule wa kwanza, siku ya kwanza, kila kitu kilikuwa sawa."

Hilo sikutaka kulisema. Lakini ndiyo ilikuwa kazi yangu siku ile, nikalisema. Mwalimu akazima injini. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akasimama akitazama chini mbele ya mama, ufunguo mkononi.

"Mwambie mama nitakuja kuliwasha hapa kila Jumamosi," akasema. "Aangalie mpaka achoke mwenyewe."

Nikamwambia mama. Alilitazama gari, akamtazama yeye, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko wote.

"Jumamosi niko sokoni," akasema. "Mwambie aje Jumapili."

Nilifungua mdomo nimwambie, sauti haikutoka. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, najifuta kwa leso ya shangazi, na mwalimu alikuwa ameshainua uso, anamjibu mama moja kwa moja, bila kupitia kwangu, "Nitakuja, mama."